Saa Mbili za Mwisho za Daftari

"Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli, mbwa wanaolala katikati ya barabara na matuta yote ya mji huu, kwamba kuanzia leo saa sita mchana, binti mwenye umri wa miaka kumi na saba na miezi saba, ajulikanaye kwa jina la Spika, atakuwa dereva mwenye leseni kamili inayotambuliwa na serikali. Mnaombwa kukaa pembeni. Atakayegongwa baada ya tangazo hili asiseme hakuambiwa."

Tangazo hilo halikusomwa popote. Liliandikwa kwa penseli nyuma ya fomu ya kupimwa macho, juu ya benchi la mbao katika ofisi ya leseni, na mwandishi wake alilisoma mara moja, akaona halichekeshi hata kidogo, akajaribu kulifuta kwa kidole chenye mate. Karatasi ikabaki na doa la kijivu. Kando yake alikaa mama yake ndani ya gauni jeusi, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba. Ndani ya mkoba kulikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha kulikuwa na cheti cha kifo cha baba. Kilikuwa na wiki sita tu na tayari kilikuwa kimeanza kuchakaa kwenye mikunjo, kwa jinsi kilivyotakiwa kila mahali.

Jina la Spika alilipata bwenini. Huko shuleni alikuwa na kipaji cha kupanda juu ya kitanda cha juu, kukohoa mara mbili kama mgeni rasmi, na kutangaza mambo yasiyokuwepo. Siku moja alibandika tangazo ubaoni, limepigwa chapa na kutiwa sahihi, kwamba kutakuwa na ugawaji wa maziwa nyuma ya jiko. Wasichana mia moja na ishirini wakapanga foleni na vikombe, pamoja na mwalimu wa zamu. Sahihi ya matroni aliiweza kuliko matroni mwenyewe, ambaye siku za baridi mkono wake ulikuwa mzito. Kwa huduma hizo kwa jamii alifyeka majani ya uwanja wa mpira wiki mbili peke yake. Baba aliposikia alimgombeza kama wazazi wanavyotakiwa kugombeza, kisha akageukia ukutani ili asionekane anacheka, na tangu siku hiyo naye akawa anamwita Spika.

Mama ndiye pekee aliyekataa jina hilo. Yeye alimwita "mwanangu" mambo yakiwa mazuri, na "wewe" yakiharibika. Tangu msiba alikuwa hamwiti chochote.

Serikali ina masharti yake kwa vijana wanaotaka kushika usukani, na Spika aliyajua yote kwa moyo, hata yale yaliyoandikwa kwa herufi ndogo za kusomwa na siafu. Leseni ya kujifunzia hutolewa kuanzia miaka kumi na saba, kwa ridhaa ya mzazi. Macho yapimwe. Kibao chenye herufi L kiwe mbele na nyuma ya gari. Asiendeshe baada ya jua kutua, asibebe abiria, asishike simu. Awe na msimamizi mmoja, mwenye leseni isiyopungua miaka mitano, ambaye jina lake litaandikwa kwenye hiyo leseni ya kujifunzia, na ambaye atakaa naye kiti cha mbele kwa jumla ya saa hamsini. Saa hizo ziandikwe kwa wino ndani ya daftari maalumu, kila mstari na tarehe yake, njia yake, na sahihi ya msimamizi. Ukurasa uliofutwafutwa haukubaliki. Msimamizi akibadilika, saa zote zinaanza upya kutoka sifuri.

Spika aliwahi kujiuliza kama mtu aliyeandika sharti la mwisho alikumbuka kwamba msimamizi anaweza kubadilika kwa kufa. Akahitimisha kwamba mtu huyo alikumbuka, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akaliandika vilevile.

Na leseni hii haikuwa ya kutembelea. Mama alikuwa dobi. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na mashine tatu za kufulia, kamba ishirini za kuanikia na pasi mbili ambazo hazikupoa toka asubuhi hadi jioni. Alifua mashuka ya zahanati mbili na nyumba tatu za kulala wageni, na baba ndiye aliyeyachukua machafu na kuyarudisha masafi kwa pikapu. Mama hakujua hata kuliwasha gari. Tangu baba azikwe, dereva wa jirani alikuwa akiwasaidia kwa siku anazotaka mwenyewe, nazo zilikuwa chache na hazikufanana na siku wanazotaka wagonjwa. Mara mbili mashuka yalichelewa. Muuguzi mkuu alimpa mama pole kwa sauti ya upole kabisa, akamwambia kwa sauti hiyohiyo kwamba mara ya tatu zahanati italazimika kutafuta dobi mwingine. Nyumba za wageni zilikuwa zinasubiri kuona zahanati itafanya nini. Kwa hiyo ama Spika apate leseni, ama zile mashine tatu zibaki mapambo ya uani. Na leseni yake ya kujifunzia ilikuwa inaisha muda Ijumaa hiyo. Leo ilikuwa Jumatano.

Daftari lilikuwa mikononi mwake, jalada la bluu, saa hamsini kamili. Ni kwa sababu hiyo hakutaka kulifungua.

Inabidi hapa baba aelezwe vizuri. Baba alikuwa mtu wa kumaliza kazi kabla haijaanza. Kule zahanati alikuwa na kitabu cha kupokelea mzigo, na mwanzo wa kila mwezi alikitia sahihi ukurasa mzima kwa mkupuo, ili asimsumbue mtunza ghala kila siku kutafuta kalamu. Hakuna shuka hata moja lililowahi kupotea, basi hakuna aliyelalamika. Jumapili waliyoletewa lile daftari la mazoezi alilifungua juu ya meza, akavaa miwani, akatia sahihi mistari yote hamsini toka wa kwanza hadi wa mwisho. Akaupulizia wino ukauke. Akamsukumia binti yake daftari na kumwambia kwamba yeye kazi yake amemaliza, iliyobaki ni ya kwake, ila asiandike saa ambayo hakuendesha.

Kwa mara ya kwanza maishani Spika alikuwa na sahihi hamsini halali mkononi, bila kughushi hata moja, na jambo hilo likamharibu kabisa: akawa mwaminifu. Hakuandika hata robo saa ya uongo. Kosa lake lilikuwa dogo, na alilirithi. Kwa kuwa baada ya kuendesha vidole vyake vilitetemeka na mwandiko ukawa kama wa kuku, alizoea kuandika mstari wake asubuhi kabla ya kutoka, kwa wino, akiwa mezani ametulia: tarehe, njia, kuanzia saa fulani mpaka saa fulani. Halafu wanakwenda kuziendesha hizo saa zilizokwisha kuandikwa. Baba alimwona akifanya hivyo. Hakuona ubaya. Angeuonaje?

Hivyo ndivyo ilivyokuwa asubuhi ya Alhamisi ile, wiki sita zilizopita. Spika alikunywa chai, akaandika mistari miwili ya mwisho, saa ya arobaini na tisa na saa ya hamsini, kuanzia saa tatu mpaka saa tano. Akatoka na baba. Saa tatu na dakika kumi, kwenye kona ya kituo cha mafuta, akashuka.

Alishuka kwa sababu rafiki yake wa bwenini, aitwaye Kijiko kwa wembamba wake, alikuwa anamsubiri na ubao. Ubao huo ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi za kujivunia, "NYUMBA HII INAUZWA, ULIZIA NDANI", na ulikuwa unakwenda kuning'inizwa kwenye geti la matroni, ambaye likizo alikaa mtaa wa nne kutoka hapo. Mzaha huo walikuwa wameupanga muhula mzima. Ulifaulu kupita matarajio. Mpaka saa nne wanunuzi watatu walikuwa wamekwisha kugonga geti, na mmoja alikuwa amekuja na mke wake na futi ya kupimia. Spika na Kijiko walijibanza nyuma ya ukuta wa jirani wakacheka mpaka mbavu zikauma.

Baba alikutwa na mtu wa duka la matairi. Pikapu ilikuwa imeegeshwa pembeni, vizuri, kama kwenye mtihani, na taa ya kuashiria kushoto ilikuwa bado inawaka na kuzimika. Daktari alisema ni moyo. Habari zilifika uani saa sita, mama akiwa na mikono ndani ya povu mpaka viwiko. Spika alikuwa ndiyo kwanza anarudi, bado ana alama ya rangi nyekundu kwenye kidole gumba. Mama akamgeukia akamuuliza, hukuwa naye? Na Spika akajibu lile alilolitayarisha njiani kwa ajili ya swali jepesi zaidi, kwamba baba alisema leo hakuna mazoezi, akamshusha akamwambia akapumzike.

Toka siku ile mama alikuwa na swali moja tu. Alimuuliza mtu wa duka la matairi, alimuuliza daktari, alimuuliza polisi wa barabarani aliyeandika maelezo: kulikuwa na mtu yeyote pale alipokuwa anakata roho? Mpita njia? Mtu aliyemshika mkono? Mtu wa matairi alisema alipofika alikuwa amekwisha kupoa. Mama akashukuru, na baada ya siku mbili akarudi kumuuliza tena, labda amesahau. Jioni, akipiga pasi, alikuwa anasimama ghafla na pasi hewani, na Spika alijua ni lile swali limepita.

Kuhusu daftari, Spika alilificha chini ya nguo. Ni mama aliyelitafuta. Alihesabu mistari kwa ncha ya kidole, moja mpaka hamsini, bila kuangalia tarehe, kwa kuwa hata yeye aliamini sahihi ya baba. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba yako alikumalizia kabla hajaondoka." Spika, ambaye hajawahi kukosa la kusema mbele ya wasichana mia moja na ishirini, akasema ndiyo.

Kulikuwa na jambo lingine la asubuhi ile. Hilo hakuwa amemwambia hata Kijiko, na lilipomjia usiku aligeukia ukutani.

Mtihani wenyewe wa barabarani, ambao kila mtu kwenye benchi alikuwa anauogopa, ulikwisha mapema kuliko foleni. Mtahini alikuwa mwanamume mnene mwenye kijiti mdomoni, aliyesikika akimwambia kijana wa kabla yake kwamba gari si punda, haliendi kwa kupigwa. Alipanda ile pikapu, iliyoletwa na dereva wa jirani, akafunga mkanda kwa shida, akaamuru waondoke.

Spika aliendesha kama mtu anayesomewa maelekezo sikioni. Baba hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Saa arobaini na nane alizokaa naye alikuwa anasema neno moja kwa wakati, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi: kioo. Klachi. Subiri. Mpishe mama huyo. Na sauti hiyo ilikuwepo, kwenye kila makutano, mpaka mkono wa Spika ukawa unakwenda kwenye gia kabla hajafikiri. Aliegesha kinyumenyume kati ya mapipa mawili bila kugusa hata moja. Mtahini akatoa kijiti mdomoni akauliza amefundishwa na nani.

"Na baba," Spika akasema.

"Mwambie amefanya kazi."

"Nitamwambia."

Mtahini akamwandikia alama akampeleka dirisha la sita kwa uhakiki wa nyaraka, ambao, alisema, ni wa dakika mbili tu.

Karani wa dirisha la sita alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na mhuri wa mbao karibu na mkono wa kulia. Alizipokea karatasi moja moja: macho, sawa. Mtihani wa maandishi, sawa. Barabarani, sawa, tena vizuri sana. Akafika kwenye fomu ya ridhaa ya mzazi, akauliza kwa nini imetiwa sahihi na mama wakati leseni ya kujifunzia iliombwa na baba, na huyo baba yuko wapi.

Mama akatoa bahasha ya kaki akaipitisha chini ya kioo.

Karani akasoma. Akavua miwani, akasema poleni sana, mama akasema ahsante. Nyuma yao mwanamume mwenye kofia ya chuma ya pikipiki alilalamika kwa jirani yake kwamba alikuja hapa kijana na sasa ana mvi, na jirani yake akamwambia avumilie, leseni ya uzee inatolewa dirisha la saba. Watu wawili watatu wakacheka. Karani hakucheka. Alieleza kwa upole kwamba hakuna tatizo, mama anaweza kuridhia badala ya marehemu, na saa za msimamizi aliyefariki zinahesabika zote, mradi zilikamilika akiwa hai. Akalifungua daftari ukurasa wa mwisho ili aone tarehe.

Aliweka kidole cha mkono mmoja kwenye mstari wa hamsini. Kidole cha mkono mwingine akakiweka kwenye cheti cha kifo. Akaangalia huku, akaangalia kule. Spika alivitazama vidole hivyo viwili.

"Ni siku ileile," karani akasema.

Mama akainua kichwa.

"Daftari linasema saa tatu mpaka saa tano. Cheti kinasema saa nne na robo." Karani akashusha sauti na kusogeza uso karibu na kitundu cha kioo, akaongea na Spika peke yake, kama watu wawili walio chumbani. "Binti, ulikuwa naye?"

Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akamwekea wazi jinsi mambo yalivyo. Kama walikuwa pamoja ndani ya gari mpaka baba alipozidiwa, basi mazoezi yalikatizwa na msiba, na yeye ana mamlaka ya kuandika hivyo pembeni, kugonga mhuri, na kumpa leseni yake leo. Kama hawakuwa pamoja, basi mstari huo ni wa uongo, na daftari lenye mstari mmoja wa uongo ni daftari la uongo lote. Saa zinafutwa, na mwombaji anafungiwa mpaka atimize miaka kumi na tisa. Alisema hivyo huku tayari ameushika mhuri. Ilikuwa dhahiri upande gani angependa kuugonga.

Lilikuwa limebaki neno moja. Spika alikwisha kusema uongo mkubwa zaidi kwa ajili ya maziwa.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa naye."

Hakutegemea kitakachotokea kwenye uso wa mama. Mama aligeuka polepole, akashika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili, mikono iliyopauka kwa sabuni, na uso wake, ambao kwa wiki sita ulikuwa kama nyumba iliyofungwa madirisha, ukafunguka wote kwa pamoja.

"Ulikuwa na baba yako?"

"Ndiyo, mama."

"Hakuwa peke yake."

"Hakuwa peke yake."

Mama akafunga macho, akayafungua. Hakuuliza kwa nini binti alimficha. Alirukia moja kwa moja kule alikokuwa anataka kufika siku zote hizo.

"Alisema nini?"

Na hapa, Mungu amsamehe, kipaji kilifanya kazi. Maneno yalikuja yenyewe, yamepangwa mistari, kama tangazo la ubaoni. Spika alisema kwamba baba hakuwa na maumivu. Kwamba alimshika mkono. Kwamba alisema amwambie mama asihangaike, na kwamba anamshukuru kwa miaka yote waliyoishi pamoja. Yalikuwa maneno mazuri, yangefaa kuandikwa kwenye kadi, na hakuna hata moja lililofanana na baba, ambaye kwa miaka ishirini alimwonyesha mama shukrani kwa kumjazia ndoo maji kabla hajaamka. Mama aliyapokea yote. Machozi yalimtoka bila sauti yakashuka mpaka kidevuni. Karani akageuza macho pembeni kwa adabu, akaubonyeza mhuri kwenye kidau cha wino. Hata mwenye kofia ya chuma alikuwa ameivua.

"Nani alikuwa anaendesha?" mama akauliza.

"Yeye. Alikutwa kwenye usukani, si unajua. Tulikuwa tumebadilishana."

"Wewe ukakaa wapi?"

"Kiti cha pembeni."

Spika aliona yale madirisha yakianza kufungwa tena, moja baada ya lingine, bila haraka.

"Kiti cha pembeni," mama akasema, "kilikuwa na mafurushi manne ya zahanati."

Spika hakujua. Hakuna aliyemwambia.

Mama aliendelea kwa sauti ileile anayoitumia kuhesabu mashuka, bila hasira, na hilo ndilo lililotisha. Asubuhi ile aliyapakia nyuma kwa mkono wake, kisha yakaanza manyunyu. Baba alisimamisha gari, akayatoa mafurushi nyuma, akayaleta mbele yasilowe, akayapanga kitini akayafunga mkanda kama mtu. Polisi walipoirudisha pikapu, yalikuwa bado hapo. Aliyashusha yeye mwenyewe akayafua upya, kwa kuwa hakuweza kuwapelekea wagonjwa yakiwa na harufu ya gari lile. Kila furushi lina uzito wa kilo kumi na tano. Alikuwa anawaza kila siku jinsi mume wake alivyoyainua moja moja kwenye mvua, na moyo ukiwa katika hali ile.

"Sasa niambie wewe," mama akasema. "Ulikaa wapi?"

Spika alikuwa na majibu matatu. Alikuwa amekaa nyuma. Alikuwa amelipakata furushi. Mafurushi yaliwekwa baadaye. Kila moja lilikuwa limesimama mstarini limevaa sare, linasubiri kuitwa. Aliliangalia la kwanza, akaona linavyokwenda kumwacha mama na maneno yale ya kadi kwa maisha yake yote, au na nusu yake, akiyapima kila jioni na pasi mkononi, kweli, si kweli.

"Sikuwepo, mama," akasema.

Karani akarudisha mhuri mahali pake, taratibu, usitoe sauti.

Akayasema yote pale dirishani, mbele ya kioo na foleni, kwa kuwa alijua akisubiri wafike nyumbani njiani atakuwa ametunga lingine. Alisema kuhusu kona ya kituo cha mafuta. Alisema kuhusu Kijiko na ubao na rangi nyekundu. Alisema kwamba saa nne na robo, dakika ileile iliyoandikwa kwenye cheti, alikuwa nyuma ya ukuta wa watu, ameshika mdomo, anamcheka mwanamume anayepima geti la matroni kwa futi. Alisema kwamba baba hakumwambia akapumzike. Mistari miwili ya mwisho ilikuwa ya uongo, ila arobaini na nane ni ya kweli, akamwomba karani aandike hivyo ikiwezekana, si kwa ajili ya leseni. Karani akatikisa kichwa kwamba haiwezekani. Akalifunga daftari la bluu akaliweka upande wa kushoto, kwenye rundo lisilorudishwa, na leseni ya kujifunzia juu yake.

Mama alikuwa bado ameshika ukingo wa dirisha.

"Alikuacha ushuke tu? Siku ya saa za mwisho? Baba yako?"

Hapo ndipo palipokuwa na lile jambo lingine. Spika alilitafutia sauti ya kutosha. Kwa mara ya kwanza tangu apewe lile jina, ilimbidi arudie mara mbili ndipo asikike.

"Aliniomba nisishuke. Alisema, 'Spika, leo shika usukani wewe, mkono huu umekufa ganzi.' Alikuwa anausugua hivi. Anatoka jasho. Nikamwambia, baba, saa zenyewe zimeshaandikwa, sasa niendeshe za nini?"

"Akasemaje?"

"Akacheka, mama. Akasema kweli, zimeshaandikwa. Akanisimamishia gari."